Franga za Mavuno Zifike Mwezi wa Tisa

Somo la leo si la mbolea wala la kukata matawi ya kahawa. Ni somo la nyumba: namna ya kutumia vizuri kile tunachopata, kuweka kidogo, na kumaliza mwaka bila deni.

Tukisema neno akiba, wengi wanajibu: "Hiyo ni kazi ya watu wa mshahara. Sisi wakulima tutaweka nini, na franga yenyewe iko kidogo?" Ni kweli, iko kidogo. Lakini shida haiko kwa udogo wake peke yake. Franga ya mkulima iko na miezi yake. Inaingia mwezi wa saba, tukimaliza kuvuna maharagi ya msimu B. Inaingia tena karibu na Noeli na Bonane, tukivuna ya msimu A. Katikati kuna mwezi wa tisa, na mwezi ule mambo matatu yanafika mlangoni siku moja: watoto wanarudi masomo, mvua inataka mbegu, na ghala imeanza kuwa tupu.

Masomo ya primeri katika shule za serikali yalitangazwa kuwa ya bure tangu mwezi wa tisa 2019, lakini daftari, viatu na nguo za masomo havikuwa vya bure, na sekondari inalipwa kama zamani. Basi mwezi wa tisa ndio unatupima. Mwenye kuufikia na kitu mkononi anachagua. Mwenye kuufikia mikono mitupu anachaguliwa: na mchuuzi, na mwenye duka, na mwenye kukopesha.

Kwa hiyo katika somo hili akiba iko na maana moja: kuchukua kitu cha mwezi wa saba na kukifikisha mwezi wa tisa.

1. Hesabu ya maharagi

Tuchukue nyumba moja ya mfano. Iko na watu sita na inakula kilo moja ya maharagi kwa siku. Bei tunazoandika hapa ni za mfano tu. Kila mmoja aweke zile za soko lake.

Mwezi wa saba nyumba hii inavuna kilo 200. Kila mtu anavuna siku zilezile, soko limejaa, bei imeshuka: kilo ni 2.000 FC. Wanauza kilo 140, wanapata 280.000 FC. Kilo 60 zinabaki kwa kula, na kwa kilo moja kila siku zinaisha katikati ya mwezi wa tisa.

Sasa mavuno yanayofuata ni katikati ya mwezi wa kumi na mbili. Kuna siku 90 za kula, yaani kilo 90. Na mbegu? Wanahitaji kilo 20. Jumla ni kilo 110. Lakini sasa kila mtu anatafuta maharagi, na bei imepanda mpaka 3.500 FC kwa kilo. Kilo 110 ni 385.000 FC.

Tuangalie tena polepole. Walipata 280.000 FC kwa kilo 140. Sherti watoe 385.000 FC kwa kilo 110. Yaani franga zote za kilo 140, hata kama hawakutumia hata moja, hazitoshi kununua tena kilo 110 za maharagi yale yale. Zile kilo 110 waliziuza 220.000 FC na wanazinunua 385.000 FC. Tofauti ni 165.000 FC. Hakuna mwizi aliyeingia ndani ya nyumba, hakuna aliyekunywa pombe, na franga zimeenda.

Njia ya kwanza ya akiba ndiyo hii: kabla ya kuuza, ondoa kwanza mbegu, halafu ondoa chakula cha mpaka mavuno yanayofuata. Kinachobaki ndicho cha soko.

Tunajua si kila nyumba inaweza kuweka yote. Kuna deni la kulipa, kuna mgonjwa, kuna ndoa ya mtoto wa ndugu. Basi weka unachoweza. Anayeweza kuweka kilo 30 tu, katika mfano wetu amejiokolea 45.000 FC. Na kama iko na kabichi, viazi, ndizi au kahawa, auze hizo kwanza kwa shida za haraka, aache maharagi yapumzike.

2. Kulinda kile tulichoweka

Wengi wanauza haraka kwa sababu ya kuogopa wadudu. Wako na haki: maharagi yenye matundu hayana bei sokoni, na mbegu iliyoliwa na wadudu haiote vizuri. Lakini mdudu yule anataka hewa kama sisi. Tukimnyima hewa, anakufa.

Kwanza tukaushe vizuri. Kuna kipimo kisichotaka mashine. Chukua chupa kavu yenye mfuniko, tia chumvi kavu kidogo, tia maharagi kama konzi mbili, funga, tikisa, acha dakika kumi na tano. Kama chumvi inashikamana na chupa, maharagi bado yana maji: yarudi kwenye jua. Kama chumvi inaanguka bila kushika, yako tayari.

Halafu tuchague chombo. Kuna mifuko ya tabaka tatu: miwili ya plastiki ndani, na gunia la kawaida nje. Kila mfuko wa plastiki unafungwa peke yake, kwa nguvu, baada ya kukamua hewa. Asiyeweza kununua mfuko huo atumie bido safi na kavu lenye mfuniko unaokaza. Alijaze mpaka juu, alitikise maharagi yashuke, aongeze tena, ndipo afunge. Tusitumie kamwe bido lililokuwa na mazuti, petroli au dawa ya shamba. Na tusifungue kila siku kwa kuchungulia: kila tukifungua, tunampelekea mdudu hewa. Maharagi ya kula kila juma yakae katika chombo kingine kidogo.

3. Kununua kidogo kidogo ni kununua kwa bei kali

Wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali. Sabuni kwa kipande, sukari kwa kijiko, chumvi kwa kifuko, mafuta ya ngazi kwa kopo dogo. Kila mara ni franga kidogo, na kila mara tunalipa pia faida ya mtu aliyekata, aliyepima na aliyefunga.

Mfano tena. Nyumba inanunua mafuta ya 500 FC kila siku. Kwa siku 30 ni 15.000 FC. Nyumba tano zikikubaliana na kununua pamoja bido la litre 20 kwa 50.000 FC, kila nyumba inapata litre 4 kwa 10.000 FC, na litre 4 zinaweza kufika mwezi mzima. Kila nyumba imebakiza 5.000 FC kwa mwezi, yaani 60.000 FC kwa mwaka, na hakuna aliyepunguza mafuta katika sombe yake.

Koperative yetu inajua kuuza pamoja. Tujifunze pia kununua pamoja: mafuta, chumvi, sabuni, hata daftari za watoto. Kwa daftari, mwezi mzuri ni wa saba, mbele duka hazijajaa wazazi. Hapa sherti tuwe na masharti mawili. La kwanza: kila mtu alipe kwanza, ndipo mtu aende sokoni, tusinunue kwa deni. La pili: wagawe mbele ya wote, kwa kipimo kimoja.

4. Moto wa jikoni

Anayekaa karibu na mji ananunua makala kwa franga. Anayekaa mbali ananunua kuni kwa mgongo wa mama na wa binti anayechelewa masomo. Pande zote mbili ni gharama.

Maharagi yanakula moto kuliko chakula kingine. Tuyaloweke usiku mzima katika maji, tumwage maji yale asubuhi, tupike kwa maji mapya na sufuria iwe na mfuniko. Yanaiva upesi zaidi. Wako pia wanaotumia kikapu: maharagi yaliyolowekwa yakichemka kwa nguvu muda mzuri, mama anaondoa sufuria motoni imefunikwa, anaitia katika kikapu kikubwa chenye majani makavu ya ndizi na blanketi ya zamani, anafunika vizuri juu. Joto linabaki ndani na kazi inaendelea bila makala. Asipunguze ile saa ya kuchemka: maharagi yasiyochemka vizuri yanaumiza tumbo.

Na kwenye kando ya shamba, pale pasipofaa maharagi, tupande miti ya kuni. Vilima vya Butembo vimejaa mikaratusi kwa sababu wazee waliona mapema kwamba mji utataka mbao na moto. Lakini mikaratusi ikae mbali na chemchem na mbali na mazao, kwa sababu inakunywa maji mengi.

5. Kahawa isiuzwe ikiwa ingali maua

Sasa tunafika mahali panapouma. Mwezi wa tisa, mtoto amerudishwa kutoka shule. Mchuuzi anafika na kusema: "Baba, nakupa 50.000 leo. Kahawa ikiiva, utanipa." Miti iko na maua tu. Baba anakubali, kwa sababu hana njia ingine.

Kahawa inaiva. Tuseme ile aliyoahidi, kwa bei ya siku ya mavuno, ni ya 100.000 FC. Kwa kukopa 50.000 FC miezi minane, amelipa 50.000 FC nyingine juu. Angekopa hiyo 50.000 katika kikundi chenye riba ya 5 kwa mia kila mwezi, kwa miezi minane angelipa riba ya 20.000 FC tu. Na kahawa yake ingebaki yake: angechuma nyekundu peke yake, angeipeleka koperative, angengoja malipo. Aliyeuza maua anachuma hata mabichi, kwa sababu mwenye deni amesimama shambani. Hapo si nyumba moja inayopoteza. Jina la kahawa yetu wote linaharibika.

Hatusemi hivi kwa kumhukumu mtu. Mtoto aliyerudishwa nyumbani hawezi kungoja bei nzuri. Tunasema ili tuone kwamba akiba ndogo ya mwezi wa saba inalinda kahawa ya nyumba nzima.

6. Kasha lenye kufuli tatu

Kwetu tunajua likirimba: watu kumi wanachanga, kila mara mmoja anakula zote. Ni nzuri, lakini zamu yako inaweza kufika mwezi wa tano, na shida yako iko mwezi wa tisa. Vikundi vya AVEC vinafanya namna ingine. Mfumo huu ulianza Niger mwaka 1991, kwa wanawake wa vijiji vya Maradi waliosaidiwa na shirika la CARE, na leo uko katika nchi nyingi za Afrika.

Watu kati ya 15 na 25 wanaojuana wanakutana kila juma. Kila mmoja ananunua sehemu, kuanzia moja mpaka tano, na mhuri unapigwa katika kijitabu chake. Franga zinakaa katika kasha lenye kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu, na mwenye kasha hana ufunguo. Kasha halifunguliwe ila mbele ya wote. Kuna pia mfuko mdogo wa kusaidiana kwa ugonjwa na matanga, usiochanganywa na ule wa mikopo. Mwisho wa mzunguko, miezi tisa mpaka kumi na mbili, zote zinagawanywa pamoja na riba, kila mtu kwa kadiri ya sehemu zake.

Kama sehemu moja ni 2.000 FC na mama ananunua mbili kila juma, kwa majuma 48 ameweka 192.000 FC, bila kuhesabu riba.

Shauri letu kubwa ni juu ya tarehe. Vikundi vingi vinagawa mbele ya Noeli, na franga zinaliwa pamoja na sikukuu. Kikundi cha wakulima kigawe mwisho wa mwezi wa nane, juma moja mbele ya masomo kufunguliwa. Mkikubaliana tarehe hiyo siku ya kwanza ya mzunguko, hakuna atakayegombana baadaye.

7. Tusiweke zote mahali pamoja

Wazee watakumbuka mwezi wa kumi na mbili 1979, serikali ya Zaïre ilipoondoa noti za 5 na za 10. Watu walipewa siku chache za kubadilisha, na waliokuwa mbali na benki walibaki na makaratasi. Mwaka 1993 ikaja zaïre mpya, moja kwa milioni tatu za zamani. Mwaka 1998 ikaja franga ya Congo. Na juzi, vita vilipoingia Goma mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, benki za mji ule zilifunga, na wenye akiba humo walikosa njia ya kuifikia.

Kwa hiyo hakuna mahali pamoja pa kuamini kwa yote. Chini ya kitanda kuna moto na wezi. Ghala ni nzuri, lakini ndugu zetu wa vijiji vya Beni wanajua tangu 2014 kwamba anayekimbia usiku habebi gunia. Tugawe: sehemu iwe chakula na mbegu ghalani, sehemu iwe katika kasha la kikundi, sehemu iwe katika simu kwa Airtel Money, M-Pesa au Orange Money, ambapo tunaulizia kwanza ada ya kutoa na hatumwambii mtu namba ya siri. Na kijitabu cha AVEC kikae pamoja na vitambulisho, mahali mkono unafika haraka.

Sehemu ingine iwe na miguu. Simbiliki wanakula nyasi na maganda ya jikoni, wanazaa kila baada ya miezi miwili na zaidi kidogo, na mtoto anaweza kuwachunga mwenyewe. Simbiliki wachache wakiuzwa, daftari zimepatikana, bila kugusa mbuzi. Mbuzi abaki kwa jambo kubwa.

8. Daftari ya nyumba

Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari moja ya watoto inatosha. Piga mistari, fanya nafasi tatu: tarehe, kilichoingia, kilichotoka. Asiyejua kuandika amwambie mtoto anayesoma. Kila siku ya posho jioni, baba, mama na watoto wakubwa wakae pamoja na kusoma.

Hapa kuna shida tunayoisikia mara nyingi katika mikutano. Mama anauliza: "Baba, ile franga ya kahawa iko wapi?" Baba anajibu: "Si tulikula yote?" Kila mmoja anafikiri mwenzake anaficha. Ugomvi wa namna hii unatoka mara nyingi kwa giza kuliko kwa ubaya. Nyumba ikiandika, giza linapungua: baba anaona chumvi na sabuni zinakula ngapi, mama anaona deni la mbegu, na watoto wanajua kwa nini leo hakuna soda.

Neno la mwisho juu ya kubana matumizi. Kubana si kujitesa. Tusipunguze maharagi na mboga za mtoto, tusicheleweshe mgonjwa kwenda kituo cha afya kwa kuogopa kutoa, tusile mbegu. Tunapunguza kwanza kile ambacho kisipokuwepo kesho, hakuna atakayeugua: vocha za kupiga soga, glasi ya tatu ya kasiksi, kitambaa cha kushindana na jirani. Na kama daftari inaonyesha hakuna cha kupunguza, basi nyumba ile inahitaji msaada wa kikundi, si mahubiri.

Kazi ya mwezi huu

Kila mwanachama afanye haya mbele ya mkutano unaokuja:

- Ahesabu nyumba yake inakula kilo ngapi za maharagi kwa siku, azidishe kwa siku zilizobaki mpaka mavuno, aongeze mbegu.
- Aandike kila kinachoingia na kinachotoka kwa majuma manne.
- Atafute nyumba nne za jirani za kununua nazo kitu kimoja pamoja.

Maswali ya kuongea katika kikundi

- Katika kijiji chetu, bei ya maharagi ni ngapi wakati wa kuvuna na ngapi wakati wa kupanda? Tofauti inaenda kwa nani?
- Ni wangapi kati yetu waliuza kahawa au kakao mbele haijaiva? Walikuwa na shida gani, na kikundi kingeweza kufanya nini?
- Mzunguko wetu wa AVEC unamalizika mwezi gani? Tuubadilishe?
- Nyumbani, nani anajua franga zote zinazoingia?

Leteni majibu, hata machache, na leteni bei za kweli za masoko yenu, tuzibandike ukutani pa depo ya koperative. Mwezi wa saba ukifika, kila mmoja aangalie pale kwanza, ndipo afungue gunia lake.